UZI: Charleston, South Carolina. Ukija kutembea au ukija kuishi, uliza maji kwanza

#1 BintiChumbageni

Wanajamvi, hamjambo.

Kila mwaka napokea maswali ya watu wanaokuja Charleston. Mmoja ana siku tatu za kutembea, mwingine amepata chuo, mwingine mumewe kapata kazi kwenye kiwanda cha Boeing. Nimeona niyajibu hapa kwa pamoja. Mimi ni mtu wa Tanga, huu ni mwaka wangu wa tisa huku, nafanya kazi ya uuguzi. Nimekaa West Ashley, nimekaa katikati ya mji, na sasa niko North Charleston.

Nianze na maji, maana huku kila kitu kinaanzia hapo. Mji wa zamani umekaa juu ya ulimi wa ardhi, magharibi mto Ashley, mashariki mto Cooper, mbele bandari, halafu Atlantiki. Sisi wa pwani tunalijua bamvua, yale maji kujaa sana ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Kwetu bamvua linakuja hadi kwenye mikoko, linarudi. Huku linapanda hadi mtaani. Siku ya jua kali, mbinguni hakuna hata wingu, unakuta maji ya chumvi yanabubujika kwenye matundu ya mitaro katikati ya barabara na magari yanapita yakiyarusha. Kipimo cha bandarini kikigusa futi 7, mitaa ya chini inaanza kulowa. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya mji unaouona leo ilikuwa vijito na vinamasi, vikafukiwa kidogo kidogo kwa vizazi vingi. Market Street, ambako kila mtalii anapita, ilikuwa kijito. Maji yakijaa yanarudi kwao.

Hili nimelilipia. Mwaka wangu wa tatu nilipanga chumba cha chini katikati ya mji, nyumba nzuri ya kizamani, kodi nafuu kuliko jirani zake. Nilipokwenda kukiangalia niliona ukuta una rangi mpya kuanzia sakafuni hadi magotini, juu yake rangi kuukuu. Nyuma ya friji, mahali ambapo brashi haikufika, palikuwa na mstari wa kahawia kimo cha kifundo cha mguu, umenyooka kama umepigwa kwa rula. Aliyenipangisha akasema ni unyevu wa zamani. Nikaweka sahihi. Oktoba, mwezi mpevu, nimetoka zamu ya usiku, nikalala saa moja asubuhi. Saa mbili na nusu niliamshwa na ndala zangu zikigonga mguu wa kitanda. Zilikuwa zinaelea. Gari nililoliegesha upande wa pili wa barabara lilikuwa limekunywa maji ya chumvi hadi kwenye viti. Wiki ya pili nyaya zikaanza kuoza, likafa. Bima yangu ya mpangaji haikulipa hata senti kwa vitu vya ndani, kwa sababu mafuriko yana bima yake peke yake.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kodi, uliza maji. Uliza jirani, usimuulize mwenye nyumba peke yake. Angalia nyuma ya friji.

Maswali karibuni. Ya kutembea nitayajibu pia, nina mengi ya kusema.

#2 Kijana_wa_Ilazo

Shikamoo dada. Uzi umenikuta pazuri. Nimepata nafasi College of Charleston, naanza Agosti. Mimi ni mtu wa Dodoma, bahari nimeiona mara mbili maishani. Hayo maneno ya futi 7 yananitisha. Nikae wapi? Gari sina.

#3 BintiChumbageni

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Hicho chuo ni cha mwaka 1770, umepata mahali penye heshima.

Bila gari ni vizuri ukae karibu na chuo, au kwenye njia ya basi la CARTA. Katikati ya mji kuna vibasi vya DASH, hivyo havina nauli, vitakusaidia sana. Kodi ya katikati ni kali. Wengi wanachangia nyumba watatu wanne. Tafuta ghorofa ya pili kwenda juu. Ukanda wa King Street uko juu kidogo kuliko kingo zote mbili za mji, ndiyo maana wa kale waliupitisha pale. Ukikuta nyumba nafuu karibu na Lockwood Drive au mwisho wa Market Street, jua unafuu huo umetoka wapi.

Bima ya mafuriko ya serikali hata mpangaji anaweza kukata kwa ajili ya vitu vyake, lakini kwa kawaida inaanza kufanya kazi baada ya siku 30. Usingoje kimbunga kitajwe kwenye redio. Msimu wao ni Juni 1 hadi Novemba 30, na wewe unafika katikati yake. Wenyeji hadi leo wanahesabu miaka kwa Hugo, kimbunga cha Septemba 1989. Gavana akitoa amri ya kuhama, unahama. Barabara ya I-26 huweza kugeuzwa njia zote zielekee bara, kuelekea Columbia. Mtafute mapema mwenzako mwenye gari mkubaliane.

Joto usiliogope. Julai na Agosti ni kama Tanga kabla ya masika, unajifuta jasho huku unaoga. Jioni kuna usubi, wale wadudu wasioonekana, wanauma kuliko mbu.

#4 DerevaLikoni

Salaam aleikum nyote. Mimi ni wa Mombasa, naendesha lori la makontena, nakaa Savannah, Georgia, mwendo wa saa mbili kusini ya huko. Naja bandari ya Charleston kila wiki. Dada asema kweli tupu. Kuna ile barabara kubwa inayokata mji, Septima Clark Parkway, wenyeji waiita Crosstown. Mvua ikikutana na maji kujaa pale, hata lori langu huliegesha ng'ambo nikangoja. Wamechimba mahandaki ya kupitisha maji chini kwa chini miaka na miaka.

Na jina la barabara hiyo lanisikitisha. Septima Clark alikuwa mwalimu, mzaliwa wa Charleston, 1898. Mwaka 1956 alifutwa kazi kwa sababu alikataa kujitoa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Baada yake ndipo zikaja shule za watu wazima pale Johns Island, watu wakifunzwa kusoma ili waweze kupiga kura. Mama kama yule wampa barabara inayofurika!

Kwa mgeni, mimi nasema panda daraja la Ravenel kwa miguu. Lilifunguliwa 2005, lina njia ya wapitao kwa miguu na baiskeli, kutoka mjini hadi Mount Pleasant ni kama kilomita 4. Nenda alfajiri. Ukisimama pale juu waona bandari yote, na ngome ya Fort Sumter kule mdomoni kama jiwe la jino.

#5 MamaWawili_Houston

Asante kwa uzi. Sisi tunakuja kutembea Aprili, siku tatu, mimi, mume wangu na watoto wa miaka 9 na 13. Nimeona picha za zile nyumba za rangi rangi na farasi. Nipangieni siku hizo.

#6 BintiChumbageni

Karibuni sana mama. Aprili ni wakati mzuri kuliko yote.

Nyumba za rangi ni Rainbow Row, ziko East Bay Street. Dakika kumi zinatosha, mpige picha mwendelee. Mimi ningependa zaidi mziangalie nyumba za kawaida za mitaa ya ndani, zile nyembamba zinazoutazama mtaa kwa upande wao mfupi. Upana wake chumba kimoja tu, na ubavuni roshani ndefu inayopokea upepo wa bahari. Mlango unaouona mtaani ni wa roshani. Ukiufungua bado uko nje, mlango wa nyumba wenyewe uko katikati. Yaani umepita barazani kwanza. Mtu wa Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa. Muwaonyeshe watoto pia vile visahani vya chuma ukutani, ni vichwa vya vyuma vilivyopitishwa kutoka ukuta hadi ukuta kuushika mji baada ya tetemeko la Agosti 31, 1886.

Lakini siku ya kwanza, asubuhi, kabla hamjachoka, nendeni International African American Museum. Ilifunguliwa Juni 2023 na imejengwa pale pale ilipokuwa Gadsden's Wharf, gati walikoshushwa watu wetu. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba karibu nne kwa kumi ya Waafrika wote walioletwa kuuzwa katika nchi hii waliingilia bandari ya Charleston. Jengo limeinuliwa juu ya nguzo, halikanyagi ardhi ile. Chini yake, upande wa bandari, sakafu imechorwa miili ya watu wamelazwa bega kwa bega, kama walivyopangwa melini. Juu ya michoro yanapita maji membamba, yanajaa na kupwa. Mara ya kwanza nilifika yakiwa yamepwa. Nikasimama nikiwatazama, wengine urefu wa mtoto wangu. Kisha maji yakaja, polepole, bila sauti, yakaanza miguuni. Sikuweza kuhama mpaka yakawafunika wote.

Nimekaa na bahari tangu utotoni, sikuwahi kuyaogopa maji kujaa kabla ya siku ile.

#7 Tumaini_K

Dada nakuheshimu, lakini nitasema ukweli wangu. Watu wanaenda likizo wapumzike. Huyu mama ana watoto wadogo, unampeleka kwenye miili siku ya kwanza? Charleston ina ufuo mzuri wa Folly Beach, ina chakula, ina bustani. Mimi nilikwenda miaka miwili iliyopita, nikafurahi, sikwenda huko, na sikuona nimekosa.

#8 BintiChumbageni

Kaka Tumaini, nimekusikia. Folly Beach waende, na watoto waogelee. Lakini kila ulichokifurahia pale kina mikono ya watu nyuma yake. Bustani unazozisema zilikuwa mashamba. Ule utajiri uliojenga roshani zile ulitoka kwenye mpunga, na mpunga wa huku ulilimwa kwa maji kujaa na kupwa. Walikata misitu ya vinamasi kwa mikono, wakajenga kuta za udongo kandokando ya mito, wakaweka milango ya mbao: mto ukijaa mlango unafunguka, shamba linanywa, mto ukipwa unafunga, au unaachia. Maarifa mengi ya mpunga yalikuja na watu wa Afrika Magharibi, kutoka nchi za mpunga, Senegambia hadi Sierra Leone. Waliibwa pamoja na ujuzi wao. Kufikia 1708 watu weusi walikuwa wengi kuliko weupe katika koloni hili.

Kuna matofali ya kale huku yana alama za vidole. Nimeweka kidole changu kwenye moja. Hakikuenea, tundu lilikuwa dogo. Watoto ndio waliokuwa wakiyageuza juani kabla hayajachomwa.

Mtoto wa miaka 13 anayaweza hayo akiwa na mama yake pembeni. Wa miaka 9, mama atapima mwenyewe, anamjua mwanawe.

#9 MamaWawili_Houston

Nimesoma nikalia kidogo. Tutakwenda. Wa 9 atabaki juu na baba yake. Na mashamba? Niliona matangazo ya harusi kwenye mashamba hayo, moyo ukakataa.

#10 BintiChumbageni

Moyo wako una haki. Ukitaka moja, nenda McLeod, iko James Island, haiko mbali na mji. Pale maelezo yanawahusu waliotumikishwa na walioachiwa huru baadaye. Vile vibanda vyao vya mbao viko mstari mmoja kwenye njia ya miti, na watu waliendelea kuishi ndani yake hadi 1990. Elfu moja mia tisa na tisini, mama. Nilikuwa tayari nasoma shule ya msingi.

Siku ya pili piteni Calhoun Street, kanisa la Mother Emanuel. Denmark Vesey, aliyenyongwa 1822 kwa kupanga uasi, alikuwa wa jumuiya ile. Na Juni 17, 2015, watu tisa waliuawa humo wakiwa kwenye somo la Biblia, akiwemo mchungaji wao Clementa Pinckney. Ni kanisa la watu wanaosali, si maonyesho. Jumapili ukienda, nenda kusali. Karibu na hapo kuna uwanja wa Marion Square. Sanamu ya Calhoun, mtetezi mkubwa wa utumwa, ilikuwa imesimama juu ya nguzo ndefu mno pale. Juni 2020 waliishusha. Mimi nilikuwapo, kazi ilichukua usiku kucha hadi jioni ya kesho yake, wazee waliletewa viti wakangoja.

#11 Papa_Elonga

Jambo banduku. Miye ni Mukongo, naishi Columbia, South Carolina, toka 2016. Nasoma huu uzi na roho inanipanda. Acha niongeze kitu moja.

Mwaka wa kwanza hapa, mzee mmoja mweusi kazini alinipa karanga za kuchemsha, akaziita "goober". Nikamwambia, papa, hiyo ni Kikongo! Kwa Kikongo karanga ni nguba. Aliacha kutafuna. Akaniuliza mara tatu, "Una hakika?" Alikuwa anasema neno la babu zake toka utoto, na alifikiri ni neno la kijijini tu, la watu wasiosoma.

Watu wengi wa Kongo na Angola walifikishwa Charleston. Ule uasi wa Stono, Septemba 1739, karibu na mto Stono hapo chini, wanahistoria wanasema viongozi walikuwa watu wa ufalme wa Kongo. Walikuwa wanatembea kuelekea Florida ya Waispania, kwenye uhuru. Mimi nilikwenda nikasimama hapo kando ya barabara. Nikasema majina ya babu zangu kwa sauti.

#12 DerevaLikoni

Papa Elonga, Mungu akuweke. Na sisi wa upande wa Bahari Hindi tusidhani hayatuhusu. Miaka ya mwisho kabla biashara ile haijapigwa marufuku, 1808, ziko meli zilizotoka pwani ya Msumbiji zikatia nanga Charleston.

#13 BintiChumbageni

Papa Elonga, umenigusa. Nami nina langu la namna hiyo.

Ukivuka daraja hadi Mount Pleasant, barabara ya 17, kuna vibanda vya akina mama Wagullah, kizazi cha Waafrika waliotumikishwa pwani hii, wanaoshona vikapu vya majani ya pwani. Wanashona kweli, hawasuki: kamba ya majani inazungushwa mzunguko juu ya mzunguko, inafungwa kwa utepe wa ukuti wa palmetto, mti wa jamii ya mnazi, na tundu linatobolewa kwa mpini wa kijiko uliosuguliwa ukachongoka. Nilikaa na mama mmoja karibu saa nzima. Mbele yake kulikuwa na kimoja kipana, bapa, ukingo mfupi. Nikakinyanyua, nikamwambia kwetu hiki ni ungo. Akaniuliza kinafanya nini. Sikuweza kueleza, nikakishika tu na kupepeta hewa tupu: rusha, pokea, tikisa kidogo pembeni makapi yatoke. Akaniangalia, akachukua chake, akafanya vile vile. Kiganja kile kile, mtikiso ule ule. Akasema bibi yake alipepeta mpunga hivyo. Tukacheka sote wawili, kisha akanishika mkono hakuuachia.

Vikapu vina bei, na tafadhali msiwapunje. Kimoja kinaweza kuchukua wiki kadhaa, na majani yenyewe yanazidi kuadimika kwa sababu ufuo yanakoota umejengwa majumba yenye mageti. Ardhi ya Wagullah nayo inaondoka hivyo hivyo. Shamba la babu halikuandikwa wosia, warithi ni thelathini, mmoja anashawishiwa kuuza fungu lake, mahakama inaweza kupiga mnada lote. Na katikati ya mji, mitaa iliyokuwa ya watu weusi vizazi vingi, wao sasa ndio wachache. Ukija kuishi huku, lijue hilo kabla hujasifu mgahawa mpya uliofunguliwa kwenye nyumba ya mtu.

#14 MamaWawili_Houston

Na chakula dada?

#15 BintiChumbageni

Utakuwa nyumbani. Wali na kunde unaitwa Hoppin' John, huliwa Mwaka Mpya pamoja na majani ya collard, ambayo Wakenya wanayajua: sukuma wiki. Supu ya bamia ipo. Grits ni mahindi yaliyoparazwa, yanapikwa mazito, juu kamba wa kukaanga. Kuna wali mwekundu wa nyanya, ukiula utamkumbuka jirani wa Kisenegali. Tafuteni mahali pa kina mama wenyewe, nje ya mitaa ya watalii.

Boti ya Fort Sumter muipande siku ya tatu. Risasi za kwanza za vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe zilipigwa pale, Aprili 12, 1861. Mkiwa majini, mwambieni wa miaka 13 habari za Robert Smalls. Mei 13, 1862, alikuwa mtumwa, mshika usukani asiye na cheo kwenye meli ya Planter. Maofisa walilala nchi kavu. Akavaa kofia ya nahodha, akapitia gati jingine kumchukua mkewe na watoto na wenzake, akapita chini ya mizinga ya Fort Sumter akitoa ishara sahihi za king'ora, akaikabidhi meli kwa jeshi la majini la Kaskazini. Baadaye akawa mbunge, na nyumba ya bwana wake kule Beaufort akainunua.

#16 Kijana_wa_Ilazo

Dada, nimesoma yote, mengine mara mbili. Nimepata chumba kupitia mwanafunzi anayehama, nyumba ya ghorofa mbili, dakika kumi na tano kwa miguu hadi chuo. Vyumba viwili viko wazi, cha chini na cha juu nyuma. Cha chini ni nafuu. Anataka jibu kufikia Jumapili. Nimekutumia anwani faragha.

#17 BintiChumbageni

Nimeiona. Alhamisi ni mwezi mpevu na jedwali linaonyesha maji yatajaa saa mbili na robo usiku, futi 6 na kitu. Mimi natoka kazini saa moja. Usijibu chochote hadi nikuandikie.

#18 BintiChumbageni

Nimerudi sasa hivi. Nilifika saa mbili kasoro, nikakaa ndani ya gari kona ya juu. Kona ya chini maji yalitoka kwenye tundu la mtaro, yakafika katikati ya njia, hayakugusa ngazi za nyumba yako. Nikagonga kwa jirani, bibi wa miaka themanini, amezaliwa mtaa huo. Anasema kwenye vimbunga maji huingia ghorofa ya chini, juu hayajafika tangu azaliwe, hata Hugo. Ametaka kujua unatoka wapi, nikamwambia katikati ya Tanzania, mbali na bahari. Akasema ukifika umpitie akufundishe kusoma jedwali la maji.

Chukua cha juu, kile cha nyuma.

#19 Kijana_wa_Ilazo

Nimechukua. Natua tarehe 14 Agosti, saa tisa alasiri.

#20 BintiChumbageni

Nitakuwa uwanjani. Uje na ndala za plastiki, za ngozi ziache Dodoma.